Kigingi cha Nyumba ya Madina

Katika wanawake wote waliopanda kwenye kile kiinuko nje ya Garsen mwaka wa mafuriko, hakuna aliyemshinda Qabale kujenga nyumba, na mwenyewe hakuona haya kulisema. Kwa Waorma nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume hukata fito, akazibwaga chini, akaenda zake kwa ng'ombe. Mengine yote, kuanzia kigingi cha katikati hadi mkeka wa mwisho mgongoni mwa nyumba, ni ya mkono wa kike. Qabale alikuwa amejenga nyumba thelathini na moja. Ya thelathini na mbili ndiyo iliyomnyima raha, kwa kuwa ilikuwa ya binti yake Madina, na ilikuwa haijapata mahali pa kusimama.

Madina alikuwa mtoto wake wa pekee. Miaka miwili nyuma aliolewa na Abdiaziz, kijana mpole mwenye ng'ombe wake upande wa Ijara, na makubaliano yalikuwa kwamba mtoto wa kwanza akishapata nguvu ya kusafiri, wote watatu watahamia kwa Qabale. Qabale alikuwa mjane, hakuwa na mwingine. Mtoto alizaliwa Julai, safari ikapangwa Novemba. Kisha zikaja zile mvua za mwisho wa tisini na saba, mto ukameza mashamba na barabara, na maji yalipoanza kupungua ikaja homa iliyoua mbuzi, ikaua ng'ombe, ikaua na watu. Sasa ilikuwa Machi. Mjukuu alikuwa na miezi minane na Qabale hajamshika hata kidole.

Alimwonea hamu mwanawe mpaka akajionea aibu. Alikuwa akichemsha chai akajikuta ametoa vikombe viwili. Akisikia mtoto wa jirani analia, huinuka kabla hajakumbuka kwamba hana mtoto nyumbani. Mchana watu walimwona mkali, mwenye maneno, anayemsahihishia kila mwanamke fito zake. Hawakujua kwamba ukali wote ule ulikuwa ni kujishughulisha tu.

Kusoma Qabale hakujua. Lakini yeye na Madina walikuwa na barua yao wenyewe, na ilianza zamani, Madina akiwa darasa la nane. Siku hiyo msichana alirudi kutoka shule na bikari ya kuazima, akakaa mbele ya mama yake, akachoma sindano kwenye karatasi na kuzungusha penseli mpaka duara likafunga. Akangoja kusifiwa. Qabale alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka minane," alisema, "miaka minane nimekulipia shule, na walichokufundisha ni kigingi na kamba."

Madina hakukasirika. Alimwonyesha mama yake maduara mawili yanayogusana bila kukatana, duara linalogusa mstari na kuuacha ulivyo, na Qabale akaacha kucheka, kwa sababu hayo alikuwa akiyafanya tangu akiwa msichana kwa jicho na kamba ya ngozi na hajawahi kuona mtu ameyaweka kwenye karatasi. Tangu siku ile walichoreana. Madina alipoenda kwa mumewe, picha zilikwenda na kurudi: nyumba yangu hii, zizi hili, mti huu. Kwenye karatasi Qabale alipapasa tundu la sindano kwa ncha ya kidole akajua kigingi kiko wapi. Hakuhitaji msomaji wa kumkalia mbele na kusoma mambo yake kwa sauti, sokoni watu wote wakisikia.

Baada ya mafuriko, kiinukoni watu walibanana. Kuno, shemeji yake Qabale, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akigawa viwanja, na pale juu kulikuwa na vitu vitatu vya kuangalia: nyumba kubwa ya Kuno, nyumba ndogo ya Qabale, na njia ya malka, ambayo ng'ombe huishukia kwenda kunywa mtoni, imenyooshwa kwa uzio wa miiba. Kati ya vitu hivyo vitatu palibaki kipande kidogo cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka. Upande wa pili wa nyumba ya Kuno palikuwa pana, na hapo ndipo Qabale alipopachagua kwa ajili ya Madina.

Alipachagua kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma. Kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na ubavu wa nyumba ya mmoja haugusi ubavu wa nyumba ya mwenzake hata siku moja. Ikibidi wakae kijiji kimoja, nyumba ya mtu wa tatu huwekwa katikati iwe pazia. Kwa hiyo Qabale alichukua mkaa na karatasi, akachora duara kubwa la Kuno, duara lake dogo, mstari wa malka, na duara la Madina kule ng'ambo ya Kuno, likigusa nyumba ya Kuno na uzio. Akampa Dinah, mwalimu wa shule, aitume. Moyoni alisema, kama si adabu, mwanangu ningemweka ubavuni kwangu nimsikie akigeuka kitandani. Alilisema mara moja, akatubu, kisha akalisema tena.

"Mpaka Ijumaa, shemeji," Kuno alimwambia wiki kadhaa baadaye. "Kuna watu wa mbuzi wametoka pande za Kipini, wanataka kile kiwanja cha upande wangu. Kigingi kikiwa chini baada ya swala, ni cha Madina. Kisipokuwapo, nawapa."

Jumatano mwalimu Dinah alirudi kutoka posta ya Garsen na bahasha. Dinah alikuwa Mpokomo wa Chara, mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyemfundisha Madina ile bikari. Shule yake ilizama, sasa alifundisha chini ya turubai pale pale kiinukoni, na suruali za wanafunzi wake zote zilikuwa na rangi moja ya tope. Alikaa kwa Qabale, akatoa karatasi, akampa bila kusema mengi.

Karatasi ilikuwa ile ile yake, imerudishwa. Duara lake la ng'ambo ya Kuno lilikuwa limepigwa mstari. Na kwenye kile kipande ambacho hakuna aliyekitaka, Madina alikuwa amechora duara jipya kwa penseli iliyochongwa vizuri. Liligusa uzio wa malka. Liligusa nyumba ya Kuno. Liligusa nyumba ya Qabale.

Qabale alipapasa tundu la sindano. Akapapasa pale penseli ilipokutana na mkaa wake.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii mtoto amekosea. Hapa amegusa mimi."

"Hajakosea, Mama Madina. Nimeitazama. Imegusa pande zote tatu."

"Na mkwe?"

Dinah alikunywa chai yake. "Wewe weka kama alivyochora," alisema.

Sasa ndipo tamaa ilipoanza kumtafutia Qabale sababu, na mtu anayetamani kitu hakosi sababu. Alijiambia mafuriko yamebadilisha mambo. Si watu wameishi wiki sita juu ya kisiwa kimoja, wakwe na wakwe, wakigawana sufuria? Alijiambia Abdiaziz ni kijana wa siku hizi, amepita Nairobi mara mbili, hana habari na ubavu wala mgongo. Alijiambia Madina naye amechoka, naye anataka kulala akisikia mama yake anakohoa upande wa pili. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompendeza zaidi, na usiku alilala nayo.

Kuno alipopata habari alikuja kucheka. "Shemeji, mkwe wako akipiga chafya, wewe ndiye utakayemwombea rehema?"

"Nitaziba masikio."

"Na akikuona asubuhi unatoka na nywele wazi?"

"Atafumba macho. Kuno, wewe nyumba umejenga ngapi?"

Kuno alikuwa hajajenga hata moja, akaondoka.

Alhamisi jua lilipotoka tu, Qabale alikuwa nje na fimbo, na Dinah alikuja kumsaidia kabla ya masomo. Ilikuwa fimbo ya mikono mitano, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole mara tano, kwa sababu ndio ukubwa wa nyumba ya mke na mume kutoka kigingi hadi ubavu, na Qabale hakuwa na fikra nyingine kichwani. Njia yake ilikuwa hii. Aliweka ncha ya fimbo kwenye uzio wa malka, fimbo ikielekea kiwanjani bila kulala upande, akatembea nayo kando ya uzio, na ncha ya pili ikachora mstari mchangani. Kigingi lazima kiwe mahali fulani juu ya mstari huo. Kisha akaweka ncha kwenye ubavu wa nyumba ya Kuno, akazunguka nayo, ikachora upinde. Pale upinde ulipokata mstari akaweka kokoto. Akaja kwenye nyumba yake, akafanya vile vile, na pale upinde wake ulipokata mstari akaweka kipande cha mkaa.

"Ndivyo nilivyomfundisha," Dinah alisema. "Ila mimi nilikuwa na chaki."

Kokoto na mkaa vilikuwa vimeachana, karibu mikono sita. Kigingi hakiwezi kuwa mahali pawili. Kwenye kokoto, nyumba ya Madina ingeingia ndani ya nyumba ya Qabale. Kwenye mkaa, ingeingia ndani ya nyumba ya Kuno.

"Fimbo ni ndefu," alisema Dinah.

"Fimbo ni sawa. Nyumba ya watu ni hivi."

"Mama Madina, ukigusa vitu viwili, ukubwa unachagua wewe. Ukigusa vitatu, ukubwa haukuulizi. Ni mmoja tu, na lazima tuutafute."

Qabale hakupenda kuambiwa hivyo na mtu ambaye hajawahi kupinda ufito, lakini alilijua kuwa ni kweli kabla Dinah hajamaliza. Akakata kipande cha fimbo. Akafuta mchanga kwa mguu, akazunguka tena, uzio, Kuno, kwake. Kokoto na mkaa vikasogeleana. Akakata tena, urefu wa kiganja. Vikasogeleana tena. Sasa alikuwa anafanya haraka, jasho linamtoka, na kila akikata alikuwa na furaha, maana kila akikata vile vitu viwili vilikaribiana, na alikuwa akivitazama vikikaribiana tu. Hakuwa anatazama fimbo.

Mara ya saba, upinde wa Kuno na upinde wake vilikata mstari wa malka mahali pamoja. Alikuwa na kokoto mkono mmoja na mkaa mkono wa pili, na akaviweka chini vikagusana.

"Hapo," alisema Dinah kwa sauti ndogo.

Qabale aliinua fimbo aipime. Kiwiko hadi kidole. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, na fimbo ikaisha.

Alipima tena kuanzia ncha ya pili, kama kwamba upande huo ungekuwa mrefu zaidi. Mikono mitatu.

Katika nyumba zake thelathini na moja, nyumba ya mikono mitatu alikuwa amejenga mara nne. Alizikumbuka zote. Mikono mitatu inatosha kitanda cha mtu mmoja na mtoto, na mafiga, na chombo cha maziwa; haitoshi mkuki wa mwanamume kusimama wala miguu yake kunyooka. Mara zote nne aliwajengea wajane. Ya nne ni ile yenyewe aliyokuwa akiishi.

Akasimama pale, fimbo mkononi, na akaona picha ya Madina upya, jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwanawe alikuwa na bikari. Alikuwa na michoro yote ya mama yake. Alijua mila kama anavyoijua yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Mtoto yule hakuwahi kukosea duara tangu darasa la nane. Akichora nyumba yake ikigusa nyumba ya mama yake, basi ndani ya nyumba hiyo hamna mkwe.

"Mwalimu," alisema, "mkwe wangu amekufa lini?"

Dinah hakujifanya haelewi. "Januari," alisema. "Ile homa. Siku nne tu."

"Na wewe ulijua jana."

"Nilijua. Bahasha ilikuwa na karatasi mbili." Aliitoa kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne, akaikunjua. "Ameniandikia mimi. Amesema hivi: Mwalimu, barabara bado imekatika, zinapita barua tu, na ndugu wa marehemu hawawezi kuja kumwambia mama kama inavyotakiwa. Na sitaki mtu amsomee. Akisomewa atalia mbele ya watu, na baadaye atanikasirikia kwa hilo. Mpe mchoro tu. Yeye mwenyewe ataipima, na ikifika mikono mitatu atakuwa amejua, na atakuwa ameshika kitu mkononi. Mwambie mtoto ni mzima. Mwambie eda yangu inaisha mwezi wa tano mwishoni, na siku ya pili yake nitaanza safari, hata kama ni kwa miguu."

Qabale alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini pale pale mchangani, juu ya pinde zake, na akalia, na Dinah akakaa naye akamshika bega. Alimlilia Abdiaziz, aliyekuwa, kila alipokuja kumtembelea, akiacha maziwa mlangoni na kugeuza uso kwa adabu hata akijikwaa. Alimlilia mwanawe, miaka ishirini na miwili, ndani ya nguo za eda kwenye nchi ya watu. Na kulikuwa na jambo la tatu lililomliza kuliko hayo mawili, akalisema, kwa sababu hakuweza kulibeba.

"Mimi niliomba," alisema. "Niliomba nyumba iguse yangu. Kila siku niliomba."

"Hukuomba hivi."

"Niliomba iguse. Sikusema hivi wala vile."

Watoto walikuwa wameanza kukusanyika chini ya turubai. Dinah alisimama, akaenda kuwafundisha, na sauti yake siku hiyo haikusikika mpaka nje kama siku nyingine.

Kuno alikuja adhuhuri, njiani kwenda kuswali, akakuta Qabale anapiga kigingi kwa jiwe. Akatazama kilipo, akatazama nyumba yake, nyumba ya Qabale, uzio. Alikuwa na mzaha tayari mdomoni.

"Wape watu wa Kipini kile kiwanja," Qabale alimtangulia. "Mwanangu anakaa hapa."

"Shemeji, hapa padogo. Mtu na mumewe watalalaje?"

"Hana mume, Kuno."

Kuno akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akachuchumaa, akaligusa lile jiwe mkononi mwa Qabale kama anayetaka kumpokea kazi. Qabale hakumpa. Kwa hiyo Kuno akabaki amechuchumaa vile vile, akakishika kigingi kisiyumbe, na Qabale akakipiga mpaka kikaingia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kuno kushika kitu chochote cha nyumba.

Kuno alipoondoka, Qabale aliingia nyumbani kwake. Kuna jambo moja Madina alimwonyesha zamani ambalo yeye alikuwa halijui kwa jicho, na lilimuudhi siku ile kwa sababu lilikuwa zuri: kwamba maduara mawili yakigusana, yanagusana mahali pamoja tu, na mahali penyewe hapatafutwi kwa kubahatisha. Unavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kamba inapopita ubavuni, ndipo hapo.

Kigingi cha katikati cha nyumba yake kilikuwa bado chini ya majivu, karibu na mafiga. Alikifukua, akafunga kamba, akatoboa mkeka kwa ufito mwembamba mpaka mwanga ukaingia, akatoka, akachungulia, akarudi, akatoboa pengine kidogo kushoto, mpaka kamba ikapita bila kupinda kutoka majivu yake hadi kigingi kipya cha nje. Akaikaza. Pale ilipotoboa ubavu wa nyumba akafunga kitambaa chekundu kilichochanwa kwenye shuka yake.

Kisha akahamisha kitanda. Kilikuwa upande wa mlango tangu alipojenga, na sasa alikikokota peke yake, fito zikilia, akakizungusha mpaka upande wa kichwa ukafika kwenye kitambaa. Kutoka Machi hadi mwisho wa mwezi wa tano kulikuwa na siku nyingi, na fito zilikuwa hazijakatwa, na mikeka haijasukwa. Ng'ombe walikuwa wakishuka malka kwenda kunywa. Qabale alilala mchana ule, mlango wazi, akaweka sikio kwenye kitambaa chekundu. Upande wa pili palikuwa na mchanga na kigingi tu, na hakukuwa na mtu wa kugeuka kitandani, lakini alibaki amelala hivyo, akisikiliza.